Fenda Zikae ama Zitoke: Chuma ya Kit na Luku Yake

Manze, form ni hii. Ndai nyingi za road zimefanana mpaka unaeza fungua ya jirani ukidhani ni yako. Nyeupe. Silver. Grey. Hot rod haina hiyo story. Bodi ya miaka za thelathini, paa imekatwa, V8 imekaa mbele, tairi za nyuma nene, za mbele nyembamba, pua imeinama chini. Ikipita, mtaa wote unageuka. Na siku hizi si lazima utafute chuma ya kutu kwa boma ya mbuyu wa mtu ndio ujenge. Unaorder kit, inaletwa na lori, unaifunga mwenyewe kwa garage na mabeshte wawili na spana.

Sasa kuna beef moja ya kitambo kwa hii mbogi, na haijawahi isha: fenda zikae, ama zitoke?

Mabuda washaamua. Buda akiona gari haina fenda, yeye anaziita madigadi, ako na swali moja tu, na atakuuliza ukiwa hapa ama ukiwa Marekani: na mvua ikinyesha? Relax, buda. Tunakuja kwako.

Mi nasema toa. Na ukitoa, toa ukijua bei, juu hapo ndio wasee wengi huchoma picha. Wanadhani fenda zikitoka wamesave doo. Zii. Fenda ndio ilikuwa inaficha madhambi yako yote: waya imening'inia, bolt ya kutu, welding ya usingizi. Ikitoka, kila kitu iko stage na taa imewashwa.

Anza na history kidogo, ndio usiaibike mbele ya wasee wanajua. Hii luku ilizaliwa na speed. Vijana wa California walikuwa wananunua Ford za mtumba, wanaziendesha hadi maziwa zilizokauka huko Muroc na El Mirage, na wakifika wanatoa kila kitu haisaidii gari kwenda. Fenda chini. Bampa chini. Kioo ya mbele chini. Kilo zinapungua, upepo unapita. 1937 vilabu zikaungana zikaunda chama yao, SCTA, ndio race zikuwe na mpangilio na saa ya kupima. Januari 1948 Robert Petersen akatoa gazeti ya Hot Rod, na kitu ya jangwani ikasambaa Marekani yote. 1949 wakaingia chumvi ya Bonneville, Utah. Kwa hivyo msee akivua fenda leo anavaa jezi ya wale maboy. Ndio maana inabamba. Haikuletwa na kampuni ya matangazo.

King wa hizi chuma ni Ford ya 1932. Wenyewe wanaiita Deuce. Ndani yake Ford aliweka V8 kwa bei ya mtu wa kawaida: inchi za ujazo 221, hiyo ni kama lita 3.6, farasi 65. Ndio, 65. Probox ya buda wako ina farasi mingi kuliko hiyo, na hiyo ndio mara pekee Probox itashinda kwa hii article.

Lakini cheki ubavu wa Deuce. Cheki poa. Chesisi yake iko na mchoro uligongwa kwa chuma yenyewe, mstari mmoja mrefu unafuata bodi kutoka mbele hadi nyuma, na umeachwa nje uonekane. Gari zilizotangulia zilikuwa zinafunika hiyo sehemu na bati. Ndio sababu ukivua fenda za '32 gari bado inakaa imeisha, imepangwa. Bodi imekaa juu ya reli za chesisi, hakuna fenda: hiyo ni highboy. Ukitaka chini zaidi unachannel, yaani unakata sakafu bodi imeze chesisi. Ukitaka mean zaidi unachop paa, unapunguza inchi kadhaa kwa nguzo za madirisha, na sasa dereva anaonekana macho tu. Buda atasema gari imeangukiwa na kitu. Mwache.

'33 na '34 zina sura tofauti. Grili imerefuka imelala nyuma, milango zinafunguka kinyume, gari inakaa inakimbia hata ikiwa imesimama. Na hapa ndio game ya kit imekuwa tamu. Factory Five Racing, jamaa wa Wareham, Massachusetts, wako kwa hii biz tangu 1995, na wanauza kit ya '33. Chesisi ni mabomba ya chuma yamechomelewa. Bodi ni faiba. Parts mingi unaeza toa kwa Ford Mustang. Shoki za mbele zimewekwa ndani, kwa hivyo ukiacha fenda, mbele inabaki tu mikono ya suspension na tairi. Safi kama maombi. Fenda? Ni option. Unaorder nazo ama unaziacha huko. Kwa wale wa kuanza na kidogo kuna T-bucket, ile ya bodi ndogo ya Ford Model T, viti mbili, injini yote iko nje. Speedway Motors wa Lincoln, Nebraska wameuza parts za hot rod tangu 1952. Na kwa wale hawataki kusikia neno faiba, Brookville Roadster wa Ohio wanatengeneza bodi ya '32 mpya kabisa ya chuma. Hao usibishane nao. Wako na doo.

Kama we ni mtu wa nganya, zile matatu za luku, hii game ya kit utaielewa haraka: fundi anapewa chesisi tupu ya Isuzu, anajenga luku juu yake. Tofauti ni kwamba hapa fundi ni wewe.

Kazi yenyewe inaanza bila bodi. Unafunga suspension, breki, steering, injini, gia, tank, waya. Then inakuja siku tamu kuliko zote: go-kart. Chesisi tupu, kiti moja, V8 inanguruma, hakuna mlango, hakuna paa, unazunguka yard. Usiruke hiyo stage. Breki ikivuja, utaiona sai. Waya ikigusa eksozi, utainusa sai. Baada ya bodi kukaa, kila marekebisho ni kuinama na kulia.

Bodi ya faiba ikitoka kwa mould inakuja na mistari pale vipande za mould zilikutana. Hapo ndio unajua msee ako serious ama ni wa maneno. Unapiga msasa hiyo mistari, unaweka filler, unapiga tena na ubao mrefu, ule wa mkono mbili, sio kipande ya msasa kwa vidole. Vidole zinaacha mawimbi. Hayo mawimbi hayawezi onekana kwa primer. Siku ya rangi nyeusi ya kung'aa, chini ya taa, ubavu wote unatetemeka kama maji. Na milango: pengo kati ya mlango na bodi lazima iwe sawa juu, chini, mbele, nyuma. Mtu akikuja kuangalia chuma yako, akiruka rangi akaenda direct kwa pengo ya mlango, huyo mheshimu. Anajua.

Sasa turudi kwa fenda. Ukizitoa, hii ndio list yako ya stress. Taa za mbele zinahitaji stendi zao kwa chesisi. Indiketa unatafuta kwa kuzificha. Mabomba ya breki lazima yakunjwe straight, na clip zimepangwa, juu mtu yeyote amechuchumaa anayaona. Mikono ya suspension unapiga powder coat ama chrome. Rimu na tairi sasa ndio sura ya gari, hakuna mahali pa kujificha: ukiweka tairi za upana moja mbele na nyuma, umechoma. Ukiweka rimu kubwa na tairi ka sindano juu ya gari ya miaka za thelathini, umechoma mara mbili. Na ukipata barabara ya changarawe, tairi ya mbele inatupa mawe direct kwa rangi yako ya bei, na kwa kiwiko yako kama uko kwa roadster. Mvua je? Buda, mvua ikinyesha tunaloa. Happy sasa?

Team fenda nao nawapea heshima yao. Ile '33 coupe nyekundu ya ZZ Top, Eliminator, iko na fenda kamili, na tangu album yao ya 1983 hakuna mtu ameiambia ni ya ushamba. Fenda zikiwa smooth, rangi moja, gari chini, inakaa ni kitu moja imemiminwa. Pia unaeza endesha kila siku bila kuosha meno mchanga. Kama plan yako ni safari za mbali, weka fenda, hakuna atakucheka.

Katikati kuna fenda ndogo za pikipiki, zinafunika tairi tu. Hapa wasee wengi wanapotea. '32 ya manjano ya John Milner kwa American Graffiti, ile movie ya 1973, ilikuwa nazo mbele na ikauwa. Lakini hiyo coupe ilikuwa imechopwa, nyepesi, mbaya kwa uso. Ukizibandika kwa chuma ya rimu kubwa na chrome kila mahali, inakaa ulianza kuvaa ukaskia simu.

Rangi: nyeusi, nyekundu, kijani ya giza, ama primer ya matt kama unapenda luku ya old school. Flames ni za mtu anajua kuchora flames. Za sticker, zii. Msee hapo anabaki bila heshima na kuzitoa ni doo.

Doo yenyewe? Kaa chini. Kit kamili ya '33 pekee inaeza pita dola 20,000. Hiyo ni kama mita 2.6 za Kenya, na bado haijanguruma. Injini ni yako. Gia ni yako. Rimu, tairi, rangi, yako. Rangi ya fundi serious inaeza kula dola 10,000 bila kujali. Ikisimama tayari, dola 50,000 si bei ya kushangaza. Kwa hivyo ile idea ya kuanza na rimu juu uliona offer, wacha. Amua fenda kwanza, juu upana wa tairi, urefu wa gari, mahali pa taa na njia ya eksozi zote zinafuata hapo.

Sheria pia iko. Kila jimbo la Marekani liko na mambo yake. California inataka fenda, isipokuwa gari ya kabla ya 1971 yenye uzito chini ya pauni 1,500, kama kilo 680. T-bucket ya kitambo inaeza pita hapo. '33 yenye V8 haiwezi. Na usiote kuiland Mombasa hivi hivi: Kenya inakataa gari ya mtumba imepita miaka 8, na steering ya kushoto haipati namba ya kawaida.

So kama hauna mita na unataka kuingia kwa hii game, anza na ile model ndogo ya plastiki. Revell na AMT wametoa Ford za '32 za skeli ya 1/25, bei haifiki hata ya tairi moja. Usimwage gundi kwanza. Shikanisha fenda na tape, ziangalie kutoka ubavuni, zitoe, angalia tena. Ukishajua macho yako yanataka gani, ndio unaanza kustack za '33 ya ukweli. Na uvue fenda.