Kuunganisha Kompyuta Wenyewe: Fedha Kidogo Zianzie Wapi?

Katika miezi ya karibuni ofisi ya miradi imepokea maombi yanayofanana kutoka sharika kadhaa. Kamati ina fedha kidogo kwa ajili ya kompyuta ya mezani ya ofisi. Kijana mmoja wa usharika amesema anaweza kuiunganisha mwenyewe kwa vifaa vya kununua kimoja kimoja, na wazee wanauliza kama ni busara kumkabidhi fedha hizo. Jibu letu ni ndiyo, kwa masharti. Kuunganisha kwenyewe si kazi ngumu, kwani bisibisi ya nyota na mchana mmoja hutosha. Ugumu uko dukani, siku ya kuchagua, kwa sababu vifaa visivyopatana havirudishwi kirahisi, na fedha yenyewe ni sadaka ya washarika au mchango wa mfadhili.

Kwanza tuelewane majina. Wengi wetu tumezoea kuliita kasha zima "CPU". Kwa kweli CPU ni kipande kidogo kilichomo ndani, ambacho hapa tutakiita prosesa. Ndicho kinachofanya hesabu zote. Prosesa hukaa juu ya mazabodi, ubao mkubwa unaounganisha vifaa vyote. RAM hushika kazi iliyo wazi kwa wakati huo, diski hutunza mafaili hata umeme ukizimwa, na pawa saplai hupokea umeme wa ukutani na kuugawa. Mwisho ni kasha lenyewe. Monita, kibodi, kipanya na UPS ni vya nje, na karibu kila bajeti tunayoletewa imesahau kimoja kati ya hivyo.

Kazi itajwe kabla ya vifaa

Kamati iandike kwanza kompyuta itafanya nini. Ofisi ya usharika kwa kawaida huandika barua na ratiba za ibada, huingiza ahadi za washarika kwenye majedwali, hutuma barua pepe na kuchapisha. Kazi hizo hazihitaji kadi ya picha ya pekee. Vijana wa kwaya watasema inahitajika kwa ajili ya kuhariri video, nasi tunawaelewa, lakini prosesa yenye uwezo wa picha ndani yake inatosha kuanzia, na kadi inaweza kuongezwa baadaye kwaya ikipata fedha yake.

Hapo ndipo herufi moja mwishoni mwa jina inapoweza kuharibu ununuzi wote. Ryzen 5 5600G ya kampuni ya AMD ina uwezo wa picha ndani yake. Ryzen 5 5600, isiyo na herufi G, haina. Kwa upande wa Intel mambo ni kinyume: Core i3-12100 inao, na Core i3-12100F hauna. Ukinunua ile isiyo nao bila kadi ya picha, kompyuta itawaka, feni zitazunguka, na monita itabaki nyeusi. Mwenye duka hatakuwa amekudanganya, amekuuzia ulichotaja.

Kabla ya kuendelea tuseme pia kwamba kuunganisha si lazima kuwe ndiyo njia ya bei nafuu. Kompyuta za ofisi zilizotumika, kama vile Dell OptiPlex, huuzwa Kariakoo na katika miji ya mikoa kwa bei ambayo vifaa vipya haviwezi kushindana nayo. Kama kamati inataka barua na majedwali tu, tunashauri ianzie huko. Iangalie mambo mawili. La kwanza ni umri wa prosesa. Msaada wa bure wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane tu. Hivyo i5-8500 inapita, lakini i5-7500 haipiti, ingawa kwa macho zinafanana kabisa. Iliyo ya zamani zaidi bado inafaa ikiwekewa Ubuntu na LibreOffice, ambazo ni za bure na halali. Mhudumu wa ofisi atahitaji muda wa kuzizoea. La pili ni kwamba nyingi za kompyuta hizo zina pawa saplai na mazabodi za umbo la kiwanda chao, hivyo kikiharibika kimoja, cha kawaida cha dukani hakiingii. Faida ya kuunganisha wenyewe iko hapo hasa: kila kipande kinabadilishwa peke yake.

Vitatu vinavyopaswa kupatana

Prosesa, mazabodi na RAM vichaguliwe pamoja, kamwe si kimoja kimoja kwa siku tofauti. Kila prosesa ina soketi yake. Prosesa za kwanza za Ryzen zilitolewa mwaka 2017 kwa soketi inayoitwa AM4, na 5600G iliyotoka mwaka 2021 hukaa kwenye soketi hiyohiyo. AM5 iliyofuata mwaka 2022 haipokei prosesa za AM4. Intel i3-12100 inatumia soketi ya LGA 1700.

RAM nayo ina vizazi. AM4 hutumia DDR4, AM5 hutumia DDR5 peke yake, na LGA 1700 hutumia moja kati ya hizo kutegemea mazabodi ilivyotengenezwa. DDR4 na DDR5 zina urefu uleule na idadi ileile ya pini, yaani 288, lakini pengo lao la katikati liko mahali tofauti. Ikigoma kuingia, usiisukume.

Kwa fedha kidogo tunapendekeza AM4. Teknolojia yake si mpya, na hilo ndilo linaloshusha bei. Tena vifaa vyake vilivyotumika ni vingi. Kuanzia miezi ya mwisho ya mwaka 2025 bei ya RAM ilipanda sana duniani kwa sababu viwanda vilielekeza uzalishaji kwenye vituo vikubwa vya akili bandia, hivyo kamati isishangae RAM ikidai sehemu kubwa ya bajeti kuliko walivyoambiwa na ndugu aliyenunua miaka miwili kabla. GB 16 ndicho kiasi cha kufaa, na ziwe vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha 16. Prosesa isiyo na kadi ya picha huazima RAM kwa ajili ya picha, na vipande viwili humpa njia mbili za kupita. Fedha isipotosha, nunueni kimoja cha GB 8 na mwandike namba yake kamili, ili cha pili kitakachoongezwa kifanane nacho.

Kuhusu mazabodi, za aina ya A520 au B550 zinatosha. Muulizeni muuzaji jambo moja: kama ubao umekaa dukani tangu kabla ya mwaka 2021, je, programu yake ya ndani, yaani BIOS, imesasishwa kuitambua 5600G? Kama hajui, mwombeni auwashe mbele yenu na prosesa ikiwa ndani. Kisha angalieni nyuma ya ubao kama kuna tundu linalofanana na la monita yenu. Projekta nyingi za sharika ni za zamani na zina VGA tu, wakati bodi nyingine zina HDMI peke yake.

Kifaa tulichokidharau

Hapa tueleze kosa letu wenyewe. Kompyuta ya kwanza tuliyounganisha ofisini tuliinunulia prosesa nzuri, na kwa fedha iliyobaki tukachukua kasha lililokuja na pawa saplai ndani yake. Kibandiko kilisema wati 500, nasi tukakiamini. Ilifanya kazi miezi saba. Jioni moja umeme ulikatika na kurudi mara tatu mfululizo, ikasikika harufu ya kuungua. Fundi alipofungua alikuta pawa saplai imekufa, na imeondoka na mazabodi pamoja na diski. Diski ilikuwa na kumbukumbu za miezi minne za mradi wa visima, ambazo hatukuwa tumezinakili popote. Tulirudi vijijini kukusanya takwimu upya kutoka kwenye madaftari ya kamati za maji, na taarifa kwa wafadhili ikachelewa wiki sita. Tofauti ya bei kati ya pawa saplai ile na iliyo nzuri ilikuwa ndogo kuliko dizeli ya safari mojawapo kati ya hizo.

Tangu wakati huo tunasoma kibandiko chote, si namba kubwa tu. Tafuteni mstari wa volti 12, kwa maana prosesa hulishwa kutoka hapo. Ukiandikwa ampia 36, zidisheni kwa 12, mtapata wati 432; pawa saplai ya namna hiyo ikijiita ya wati 450 inasema kweli. Ikijiita ya 500 na mstari huo una ampia 18 tu, zinazopatikana hapo ni wati 216. Alama ya 80 PLUS inaonyesha kwamba kifaa kilipimwa na kupoteza si zaidi ya asilimia 20 ya umeme. Nyepesi mno mkononi ni ya kutilia shaka. Na kama nyuma kuna swichi nyekundu ya 115 na 230, hakikisheni iko kwenye 230 kabla ya kuchomeka, maana umeme wetu ni wa volti 230 na kosa hilo halitoi nafasi ya pili.

Wati nyingi hazihitajiki. 5600G imekadiriwa wati 65, na kompyuta nzima isiyo na kadi ya picha hukaa chini sana ya wati 200. Pawa saplai nzuri ya 450 inatosha na inaacha nafasi. UPS iwe kwenye bajeti tangu mwanzo, hata ndogo ya VA 650, ili mhudumu apate dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Printa ya leza isichomekwe kwenye UPS hiyo. Inavuta umeme mwingi kwa ghafla.

Diski

Diski ya zamani inayozunguka husoma kati ya MB 100 na 200 kwa sekunde. SSD ya SATA hufikia kama 550, na ya NVMe hupita 3,000. Kwa kazi za ofisi, mtu atahisi tofauti kubwa akitoka ya kwanza kwenda ya pili, na ndogo akitoka ya pili kwenda ya tatu. Chukueni SSD ya GB 500 ya aina yoyote ambayo mazabodi inaipokea, mkikumbuka kwamba tundu la M.2 linaweza kukubali NVMe na kukataa SATA, au kinyume chake. Ziko sokoni SSD bandia zinazotangaza ukubwa wa ajabu kwa bei ya chini, nazo hupokea mafaili bila kulalamika, kisha huyapoteza. Programu ya bure ya H2testw huijaza diski na kuisoma tena. Ifanyeni kazi hiyo wiki ya kwanza. Diski ya nje ya kunakilia inunuliwe siku hiyohiyo.

Bei kwa shilingi hatuziandiki hapa, kwani zitakuwa zimebadilika kabla toleo hili halijawafikia. Kwa kasha na vya ndani yake, kadirio letu katika kila shilingi 100 ni 28 kwa prosesa, 20 kwa RAM, 18 kwa mazabodi, 13 kwa pawa saplai, 12 kwa SSD na 9 kwa kasha. Kama kuna wa kupunguziwa, apunguziwe kasha, kisha prosesa.

Ombeni profoma kutoka maduka matatu kwa orodha ileile yenye namba kamili za vifaa, si "RAM nzuri" au "prosesa ya kisasa". Kila duka litoe risiti ya EFD na dhamana kwa maandishi. Nyumbani, kabla ya kuingiza chochote ndani ya kasha, iwekeni mazabodi juu ya boksi lake la karatasi, fungeni prosesa, feni yake na RAM, na mwashe. Ikionyesha picha, ndipo iingie kwenye kasha, juu ya viguu vyake vya shaba ili isigusane na bati. Shikeni prosesa ya AM4 kwa pembe zake, maana pini ziko chini yake na hupinda kwa kuguswa kidogo.

Mtunza hazina ajiandae kwa swali la mkaguzi. Kwenye daftari la mali itaonekana kompyuta moja, na kwenye faili la marejesho ya masurufu kutakuwa na risiti sita au saba. Andikeni kompyuta kwa namba moja ya mali, na chini yake kila kifaa na namba yake ya kiwandani, risiti yake na tarehe ya mwisho ya dhamana. Siku RAM itakapobadilishwa, mstari mmoja tu ndio utakaofutwa.