Jinsi usimamizi wa mali za kasino zilizowekwa dhamana unavyofikia ukomo

Mashine ya kasino inayofikishwa katika Kituo cha Pamoja cha Forodha Mpakani Horohoro, wilayani Mkinga, mkoani Tanga, ili ivushwe kwenda Lunga Lunga nchini Kenya, huweza kuwa na historia ndefu kuliko nyaraka zake za safari. Ikiwa imetoka katika kampuni iliyoshindwa kulipa mkopo, suala la kwanza ni iwapo aliyeiuza alikuwa bado na mamlaka ya kuiuza.

Kwa Tanzania Bara, mkopeshaji mwenye dhamana, kwa kawaida benki, huweza kuteua msimamizi wa kushika mali alizowekewa, endapo mkataba wa mkopo unampa haki hiyo. Mahakama pia huweza kumteua. Msimamizi huyu si mfilisi. Mfilisi huifunga kampuni na kugawa mali zake zote, ilhali msimamizi hukusanya kiasi cha kulipa deni lililomleta. Deni hilo likilipwa, iwe kwa mauzo au kwa wamiliki kupata fedha kwingine, kazi yake huisha na mali inayosalia hurejeshwa kwa kampuni, au kwa mfilisi kama kampuni imekwisha kuanza kufilisiwa. Aliyeteuliwa na Mahakama huondolewa kwa amri ya Mahakama. Msimamizi akifariki au akijiuzulu, kinachokoma ni uteuzi wake tu. Dhamana hubaki, na mwingine huweza kuteuliwa.

Wengi hudhani mauzo ndiyo mwisho. Sivyo. Kabla mkopeshaji hajachukua chake, kuna madai ambayo sheria huyapa kipaumbele, hasa pale dhamana inapohusu mali zinazobadilikabadilika kama fedha taslimu na bidhaa za biashara. Miongoni mwake ni kodi za Serikali na mishahara ya wafanyakazi, kwa viwango na muda uliowekwa na sheria. Kodi ya michezo ya kubahatisha, ambayo tangu Julai 2017 hukusanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), si jambo dogo katika hesabu hizo. Baada ya malipo, msimamizi hutoa hesabu na kumwarifu Msajili wa Makampuni, aliye chini ya BRELA, kwamba ameacha kazi. Taarifa hiyo isipowekwa katika jalada, kampuni huendelea kuonekana iko chini ya usimamizi, na ni benki chache zitakazoikopesha ikiwa katika hali hiyo.

Kasino ina ugumu wake wa ziada, nao ni leseni. Chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania hutoa leseni baada ya kumchunguza mwombaji mwenyewe. Mnunuzi wa meza na mashine, kwa hiyo, hajanunua ruhusa ya kuchezesha. Msimamizi makini huifanya idhini ya Bodi kuwa sharti la mauzo.

Mfano unaofahamika zaidi unatoka Marekani. Desemba 2007, tume ya kasino ya jimbo la New Jersey ilikataa kuhuisha leseni ya Tropicana ya Atlantic City. Jaji mstaafu Gary Stein alikabidhiwa mali hiyo, akaiendesha bila kuifunga huku akitafuta mnunuzi. Mwaka uliofuata kampuni mama ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Usimamizi ulikoma Machi 2010 tu, kundi la wakopeshaji likiongozwa na Carl Icahn lilipoichukua kwa Dola za Marekani milioni 200, zilizolipwa kwa kufuta deni. Ilichukua zaidi ya miaka miwili.

Ng'ambo ya Horohoro, sheria ni nyingine. Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya mwaka 2015 inaweka miezi 12 kwa msimamizi wa kampuni iliyoelemewa na madeni, isipokuwa muda ukiongezwa. Msimamizi aliyeteuliwa na mkopeshaji nchini Tanzania hafungwi na kalenda ya namna hiyo, hivyo mnunuzi hana budi kupekua jalada la kampuni kupitia mfumo wa usajili wa BRELA kwa njia ya mtandao. Mfanyakazi anayedai mishahara naye awasilishe madai yake kwa msimamizi kwa maandishi kabla fedha za mauzo hazijagawanywa.