Tuhame au Tusihame? Nyumba, Skuli na Mtoto Mwenye Usonji



Ndugu zetu wasomaji, kila Ijumaa baada ya sala hakosekani mtu wa kutushika mkono na kutuuliza, "Hivyo, mnahama au hamuhami?" Swali hili limetufuata kwa miaka miwili sasa. Kwa kuwa tunajua wako wengine miongoni mwetu hapa Uingereza wenye watoto kama wetu, na baadhi yao jambo hilo wamelifungia ndani ya nyumba, tumeona ni bora tueleze yaliyotukuta, pamoja na yale tuliyojifunza kwa gharama, ili mwengine asije akailipa gharama hiyo mara ya pili.

Kijana wetu ana miaka 8, na ana usonji. Maneno anayoyatamka hayafiki thelathini, na mengi kati ya hayo ni ya Kiswahili: maji, nje, basi, bibi. Alipokuwa mdogo tuliambiwa na mtu wa huduma za watoto kwamba tuache kusema naye Kiswahili, eti lugha mbili ndizo zilizomchanganya. Tukaacha kwa miezi minne. Tulichokipata ni mtoto aliyezidi kunyamaza na bibi yake ambaye hakuwa tena na la kumwambia mjukuu wake. Baadaye mtaalamu wa mazungumzo alitueleza waziwazi kwamba usonji hauletwi na lugha mbili, na kwamba mtoto asemeshwe kwa lugha ambayo watu wa nyumbani kwake wanaijua vyema. Tumelitaja hili mapema kwa sababu bibi huyo anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na kila tulipopiga hesabu ya kuhama, hesabu ilianzia mlangoni kwake.

Vuli ya mwaka 2023 skuli ya mtaani ilianza kutupigia simu saa tano za asubuhi, tukamchukue. Mara ya kwanza alikuwa amejificha chini ya meza, mara ya pili amempiga mwenzake, na baada ya hapo hatukuambiwa tena sababu. Kufika Novemba akawa anasoma saa mbili tu kwa siku. Baba akapunguza kazi za usiku na mama akaacha kazi kabisa. Mwezi huo huo tukaiandikia halmashauri yetu kuomba apimwe kwa ajili ya Mpango wa Elimu, Afya na Huduma, ile karatasi ambayo maofisini hutajwa kwa herufi EHC tu. Chini ya sheria ya mwaka 2014 halmashauri ina wiki 6 za kujibu kama itampima au haitompima, na yote yanatakiwa yamalizike ndani ya wiki 20. Hivyo ndivyo sheria inavyosema. Katika mwaka 2024, kwa England yote, mipango mipya iliyotoka ndani ya muda huo ilikuwa asilimia 46.4. Wa kwetu ulitoka wiki ya 31.

Tulipokuwa tunasubiri ndipo tulipopata khabari ya skuli maalumu katika mji wa pili, mwendo wa maili ishirini, ulio chini ya halmashauri nyengine. Madarasa yake yana watoto wanane, na walimu wamesomeshwa hasa kwa watoto wenye usonji. Tulikwenda kuitembelea. Kijana wetu alikaa juu ya zulia karibu na dirisha kwa dakika arubaini bila ya kuziba masikio. Wazee wenye mtoto wa namna hii wataelewa kwa nini mama alitoka nje akalia.

Kila tuliyemuuliza alitupa jawabu moja: hamieni huko. Hata sisi wenyewe tuliona hivyo ndivyo, kwa kuwa tumezoea kuona watu wakihama ili mtoto apate skuli nzuri. Mwezi wa Februari 2024 tukapata nyumba ya kupanga, karibu na skuli ile. Kodi yake ilizidi ya kwetu kwa pauni 550 kwa mwezi. Kununua hatukulifikiria, kwani hatukutaka kuingia katika riba, na njia zisizokuwa za riba zinataka fedha za mwanzo ambazo hatuna. Tukalipa kodi ya wiki moja ili tushikiwe nyumba. Tulikuwa tumebakisha siku tisa za kutia saini.

Katika siku hizo tisa tulikwenda kuonana na bibi mmoja wa huduma ya ushauri. (Kila halmashauri ya England inatakiwa na sheria iwe na huduma hii kwa wazee wa watoto wenye mahitaji maalumu, nayo ni bure. Tunashangaa kwamba hakuna aliyetuambia mapema.) Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mpango wake umeshatoka?" Tukasema bado, wanampima. Akaweka kalamu chini.

Alitueleza kwamba skuli maalumu haimchukui mtoto kwa anwani yake, bali kwa mpango wake. Wale majirani tuliowaona wakihama walikuwa wakitafutia skuli za kawaida watoto wasiokuwa na mpango, na huko ndiko masafa baina ya nyumba na skuli yanakohesabiwa. Mtoto mwenye mpango ana njia yake mbali. Wazee wanaitaja skuli wanayoitaka, na halmashauri inawajibika kuiandika, isipokuwa ikiwa haimfai mtoto, au kuwepo kwake kutaharibu masomo ya wengine, au kutakuwa ni matumizi mabaya ya fedha za umma. Skuli ya serikali ikishaandikwa katika mpango inalazimika kumpokea, hata ikiwa iko chini ya halmashauri nyengine. Kumbe tungeweza kuiomba skuli ile huku tumekaa pale pale tulipo.

La pili lilitutia khofu zaidi. Tungehama katikati ya vipimo, halmashauri mpya isingelazimika kuendeleza pale ilipoachia ya zamani. Ingetakiwa kuzingatia tu kwamba mwenzake alikubali kumpima, kisha iamue yenyewe. Kwa hivyo huenda tungeanza upya na ombi, wiki 6 na wiki 20, katika mji ambao hatumjui mtu, na mtoto asiye na skuli hata ya saa mbili.

Usiku ule hatukulala. Tulikaa mezani na bibi na binti yetu mkubwa, tukaanza kuandika yale tutakayoyaacha. Nyumba tuliyonayo ni ya halmashauri, na tumekaa ndani yake miaka 14. Ukishairudisha hiyo, orodha ya kupata nyengine katika mji mpya mara nyingi haimpokei mtu mpaka awe amekaa huko miaka kadhaa. Saa chache za mapumziko tulizopewa, mtu wa kumtoa kijana siku ya Jumamosi, ni za halmashauri yetu na haziendi nasi. Posho yake ya ulemavu tusingeikosa, kwani hiyo hutoka serikali kuu. Chuoni kwake, ambako ustadhi amemruhusu atembee huku wenzake wanasoma, na mara moja moja husita na kumalizia aya pamoja nao, tungekipata wapi chengine?

Tena kulikuwa na binti. Yeye alikuwa mwaka wa 10, katikati ya masomo ya mitihani ya GCSE, na skuli za mji ule zinafuata bodi nyengine za mitihani katika masomo yake matatu. Hakusema kitu mpaka tukamuuliza. Akajibu, "Mimi mtaniuliza lini? Kila kitu ni yeye." Kisha akaomba radhi, akaenda kumfunika mdogo wake. Tunakiri kwamba mpaka saa ile, katika karatasi yetu yote, jina lake halikuwemo.

Asubuhi tukampigia simu mwenye nyumba kwamba hatuji. Ile kodi ya wiki moja ikapotea, na ilikuwa haki yake kuizuia.

Yaliyofuata hayakuwa mepesi. Mpango ulipotoka, kwanza kama rasimu, tulikuwa na siku 15 za kuujibu. Tukataka iandikwe kwamba mtoto anafahamu Kiswahili na kwamba picha anazofundishiwa ziwe na maneno ya lugha zote mbili, hilo lilikubaliwa. Skuli tuliyoitaka haikukubaliwa. Waliandika ile ile ya mtaani. Tukaenda katika upatanishi, haukuzaa kitu, tukapeleka rufaa mbele ya baraza. Wengi wetu tunaona haya kushitakiana na serikali, na hasa sisi tuliokuja hapa tukapokewa. Tujue basi kwamba rufaa hizi si uhasama wala utovu wa shukurani. Ni mlango ulioandikwa ndani ya sheria yenyewe. Katika mwaka wa masomo 2022/23, takriban asilimia 98 ya rufaa zilizofika kuamuliwa zilimpa mzee haki yake, yote au baadhi yake. Mwenye kutaka kukata rufaa asichelewe: muda ni miezi miwili tangu tarehe ya barua, au mwezi mmoja tangu apewe cheti cha upatanishi, lolote litakalokuwa la mwisho.

Wiki tatu kabla ya shauri kusikilizwa, halmashauri ikaandika kwamba imekubali. Aprili 2025 kijana wetu akaanza skuli ile ya zulia na dirisha, na teksi ya halmashauri ndiyo inayompeleka, pamoja na mama mmoja wa kumsindikiza.

Sasa tunarudi katika swali la kila Ijumaa. Safari ile ni dakika 50 kwenda na 50 kurudi, na muongozo wa serikali unasema mtoto wa skuli ya msingi asizidishe dakika 45. Siku za mvua inafika saa na robo. Anafika nyumbani mikono ya sweta lake imelowa kwa kutafunwa, na usiku halali. Skuli imemfaa, njia ndiyo inayomchosha. Kwa hivyo tunapima tena kuhama, lakini mizani si ile ya mwaka 2024. Binti amemaliza mitihani yake, na chuo anachosoma sasa kinafikika kwa treni kutoka miji yote miwili. Mpango upo mkononi, na mpango humfuata mtoto: tukiwaarifu wakubwa wetu wa sasa siku 15 za kazi kabla, wanatakiwa waukabidhi kwa halmashauri mpya siku ile ile ya kuhama, na hiyo mpya iendelee kumpatia yaliyoandikwa mpaka itakapoupitia. (Haya ni ya ndani ya England. Mwenye kufikiria Scotland, Wales au Ireland ya Kaskazini ajue kwamba huko sheria ni nyengine, na mpango huu hauvuki mpaka.) Na safari hii hatutoirudisha nyumba yetu. Tumepata familia huko, nao ni wapangaji wa halmashauri, wanaotaka kuja huku kwa ajili ya mzee wao mgonjwa, na wapangaji wa aina yetu wanaweza kubadilishana nyumba wenye nyumba wakiridhia.

Lililobaki ni bibi. Tulichelewa kumuuliza, kwa kuogopa jawabu. Alipoulizwa alitucheka. "Mimi nimetoka Unguja nikaja huku kwenye baridi," alisema, "nitashindwa na maili ishirini?" Alitaka kujua jambo moja tu, kama nyumba ile ina dirisha linaloelekea barabarani, kwa sababu mjukuu wake anapenda kuhesabu mabasi kabla ya kulala. Sisi hatukuwa tumeliangalia. Tunakwenda kuitazama Jumamosi ya pili ya mwezi huu, inshaallah, naye tutakwenda naye.