Delta ya Rusizi: kwa nini taasisi nyingi hushirikiana kuilinda ardhi ya umma jirani na Gatumba

Magharibi mwa jiji la Bujumbura, karibu na mpaka wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mto Rusizi hugawanyika na kuingia Ziwa Tanganyika kwa mikono miwili: Rusizi Kubwa na Rusizi Ndogo. Eneo hilo la matete, madimbwi na mchanga, jirani na Gatumba, ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Rusizi. Ni mali ya umma. Hata hivyo, kazi ya kulichunguza na kulilinda haifanywi na serikali peke yake. Sababu zake zinawagusa moja kwa moja wakazi ambao, tangu mwaka 2020, wamelazimika mara kwa mara kuzihama nyumba zao maji yapandapo.

Hifadhi yenye sehemu mbili

Sehemu ya kwanza ya hifadhi ni delta yenyewe, makao ya viboko, mamba na ndege wa majini, wakiwemo wale wanaohama kutoka Ulaya kukwepa majira ya baridi. Sehemu ya pili, iliyo kaskazini zaidi katika tambarare ya Imbo, ni mbuga ya mikoche.

Eneo hili lilianza kulindwa kisheria mwaka 1980. Mipaka na hadhi yake viliamuliwa upya kwa amri za mwaka 2000 na 2011. Mwaka 2002 delta iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, unaoyatambua maeneo ya ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa.

Thamani ya delta haiishii kwa wanyama wanaoonekana. Matete hupunguza kasi ya maji na kunasa udongo unaoletwa na mto kabla haujalifikia ziwa. Katikati ya mashina yake, samaki wachanga hupata chakula na maficho. Kwa hiyo mvuvi wa Gatumba na mchuuzi wa samaki wa Buyenzi hunufaika na delta hata kama hawajawahi kuingia ndani yake.

Nani hufanya nini

Msimamizi wa hifadhi ni Ofisi ya Burundi ya Hifadhi ya Mazingira, OBPE, iliyoundwa mwaka 2014 kuchukua nafasi ya taasisi iliyojulikana kwa jina la INECN. Walinzi wake hupiga doria, na watafiti wake hufuatilia mabadiliko ya mimea na wanyama.

Katika utafiti, OBPE ina mshirika wa miaka mingi: Taasisi ya Kifalme ya Sayansi Asilia ya Ubelgiji. Ushirikiano huo umehusu hasa kuwafunza watafiti wa Burundi, kuhifadhi takwimu za bioanuwai na kuzichapisha ili zitumike na watunga sera. Chuo Kikuu cha Burundi nacho huchangia wataalamu na wanafunzi. Chama cha Burundi cha Kulinda Mazingira Asilia, ABN, ambacho ni mshirika wa shirika la kimataifa la BirdLife, hushughulikia zaidi ndege na makao yao.

Ng'ambo ya mpaka, mjini Uvira, kipo Kituo cha Utafiti wa Viumbe wa Majini, ambacho wanasayansi wake wamelichunguza ziwa hili kwa miongo mingi. Delta imo kati ya Bujumbura na Uvira, na samaki hawaujui mpaka.

Kwa nini taasisi moja haitoshi

Rusizi hutoka Ziwa Kivu. Kabla ya kufika Burundi, hupita kwenye mabwawa ya umeme na kupokea vijito vinavyobeba udongo wa milima iliyokatwa miti. Mlinzi wa hifadhi anaweza kumzuia mkata matete, lakini hana uwezo juu ya shamba lililo mteremkoni, mbali na kituo chake. Ndiyo maana mwaka 2014 Burundi, Rwanda na Kongo zilikubaliana kuunda mamlaka ya pamoja ya bonde la Ziwa Kivu na mto Rusizi, iitwayo ABAKIR.

Ziwa lenyewe ni la nchi nne: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Mwaka 2003 nchi hizo zilitia saini mjini Dar es Salaam mkataba wa kulisimamia kwa pamoja, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika iliyozaliwa na mkataba huo ina makao yake Bujumbura. Kupitia mradi wa LATAWAMA, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya na kutekelezwa pamoja na shirika la Ubelgiji Enabel, upimaji wa ubora wa maji uliimarishwa katika nchi zote nne.

Maji ya ziwa hupungua kwa njia kuu mbili: mvuke, na mto Lukuga unaotokea Kalemie, nchini Kongo. Mvua ikizidi kwa misimu kadhaa, kina hupanda kila upande. Mtu anayepima maji Bujumbura pekee ataona kina kikipanda, lakini ili kujua chanzo atahitaji takwimu za Lukuga na za mito ya nchi nyingine.

Gatumba kati ya maji na sheria

Mwezi Aprili 2020, Rusizi ilivunja kingo zake na kufurika Gatumba. Maelfu ya watu walihamia kambi za muda, zikiwemo za Kinyinya na Kigaramango. Mwaka 2024 ziwa lilipanda hadi karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari, kiwango kinachokaribia kile cha mwaka 1964.

Sheria ya maji ya mwaka 2012 inataka mita 150 kutoka ufukwe wa ziwa ziachwe bila ujenzi. Lakini ufukwe unaposogea, aliyejenga mbali na maji hujikuta ndani ya eneo la hatari. Viboko nao hufuata malisho mapya, wakaingia mitaani na mashambani usiku.

Watu hao hao hutegemea delta kwa matete ya kuezekea na kujengea ua, kuni, na malisho ya ng'ombe. Kuwakataza bila kuwapa njia nyingine ni kumtwisha mzigo wa hifadhi yule aliyepoteza zaidi. Sheria ya maeneo yaliyohifadhiwa ya mwaka 2011 inatambua nafasi ya jamii jirani katika usimamizi, na ni hapo ushirikiano unapopimwa.

Miradi mingi hudumu miaka mitatu au mitano. Fedha zikiisha, upimaji hukatika, na mfululizo wa takwimu uliovunjika ni vigumu kuuziba baadaye. Kasoro nyingine ni lugha: ripoti nyingi huandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza, ilhali mvuvi na mkulima wa Gatumba huzungumza Kirundi na Kiswahili. Taarifa ya kupanda kwa maji ikimfikia kwa lugha yake kabla ya msimu wa mvua, anaweza kuvuna mapema na kuwahamisha watoto wake kungali mchana.