Kodi ya Madirisha nchini Uingereza, 1696–1851

Katika mitaa ya zamani ya London na Edinburgh zimo nyumba zenye madirisha yaliyozibwa kwa matofali. Mengine yalijengwa hivyo tangu mwanzo, ili ukuta upendeze. Mengine yalizibwa kuikwepa kodi.

Kwa nini serikali ilitoza madirisha? Mtahiniwa akijibu kwamba ilihitaji fedha, amejibu nusu. Ni kweli kwamba mwaka 1696 hazina ilikuwa na pengo, kwa kuwa watu walikuwa wakikata kingo za sarafu na kuuza madini yake. Nusu ya pili ya jibu iko nyuma kidogo. Tangu 1662 Waingereza walilipa kodi ya meko, na mkusanyaji alilazimika kuingia ndani kuhesabu sehemu za kuotea moto. Wananchi waliichukia mno, hata Mfalme William III na Malkia Mary wakaifuta mwaka 1689. Madirisha, kinyume chake, yanahesabika mtu akiwa barabarani. Tena ilidhaniwa kuwa mwenye madirisha mengi ndiye mwenye mali nyingi.

Chukua viwango vya mwaka 1747. Nyumba yenye madirisha 10 hadi 14 ilitozwa peni 6 kwa kila dirisha, na yenye pungufu ya 10 haikutozwa chochote kwa madirisha yake. Kwa hiyo mwenye madirisha 9 akiongeza moja tu, alidaiwa peni 60, yaani shilingi 5, kwa sababu yote 10 yalihesabiwa. Si ajabu kwamba nyumba za madirisha 9 kamili zilikuwa nyingi!

Walioumia zaidi walikuwa maskini wa mijini, hasa wakati wa Mapinduzi ya Viwanda. Jengo lenye familia nyingi za wapangaji lilihesabiwa kama nyumba moja, na aliyedaiwa ni mwenye jengo. Yeye aliziba madirisha, wapangaji wakabaki gizani bila hewa. Madaktari walilalamika kwamba vyumba hivyo vilieneza maradhi. Vioo navyo vilikuwa na kodi yake, kuanzia 1746 hadi 1845. Kodi ya madirisha ilifutwa mwaka 1851, mwaka uleule London ilipofanya Maonesho Makuu ndani ya jumba kubwa la vioo.

Usiichanganye kodi hii na kodi ya kibanda ambayo Waingereza waliileta Kenya mwanzoni mwa karne ya 20. Ile ya kibanda ilikuwa na lengo la ziada: kuwasukuma Waafrika wakafanye kazi ya ujira kwenye mashamba ya walowezi. Hata hivyo, ukwepaji ulifanana. Familia zilibanana katika vibanda vichache, na mwaka 1910 serikali ya kikoloni ikaongeza kodi ya kichwa kwa wanaume wazima wasiokuwa na kibanda.