Fahamu: Nani ana mamlaka ya kuchunguza kifo chenye utata Kenya?

Mtu akifia korokoroni, au maiti ikipatikana katika mazingira ya kutiliwa shaka, familia huuliza: nani atatueleza kilichotokea?

Polisi huanza
Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai humtaka mkuu wa kituo cha polisi amjulishe hakimu aliye karibu, achunguze, kisha aandike ripoti. Wajibu huo unahusu pia kujiua, ajali na mtu aliyetoweka anayeaminika kufariki.

Hakimu ana uwezo gani?
Husikiliza mashahidi hadharani na anaweza kuagiza maiti ifukuliwe. Kwa kifo cha mahabusu au mfungwa, uchunguzi wa hakimu ni lazima. Katika uchunguzi wa hakimu hakuna mshtakiwa. Kinachotafutwa ni chanzo cha kifo na aliyehusika.

Matokeo yana uzito?
Ndiyo. Kwa mfano, mwanamke aitwaye Agnes Wanjiru alitoweka mjini Nanyuki mwaka 2012. Mwaka 2019, hakimu alihitimisha kuwa aliuawa na kwamba wanajeshi wa Uingereza walihusika. Mwaka 2025, Mahakama Kuu ilitoa hati ya kumkamata mshukiwa, raia wa Uingereza.

Kasoro iko wapi?
Polisi wakishukiwa, mara nyingi bado wao ndio hukusanya ushahidi wa mwanzo. Mwaka 2017, Bunge lilipitisha sheria ya kuunda huduma huru ya wachunguzi wa vifo, lakini utekelezaji ukasuasua kwa miaka. Familia zilizofiwa zinastahili huduma hiyo. Haki haiwezi kumtegemea mshukiwa ajichunguze mwenyewe.