Mlango wa Bustani ya Karai

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa nyumba za watu sina ubishi nao. Lakini chama chetu kilipoamua kutengeneza bustani ndogo za maonyesho ya siku ya wazazi, niligundua kwamba bustani ya karai haina ndani pa kuingia. Mlango ndio unaomwambia mtazamaji kila kitu: humu wanakaa watu wa kimo gani, wa wapi, na kama wageni wanakaribishwa.

Huko Uingereza wapo wanaopenda sana bustani za aina hii. Huweka kilango kwenye shina la mti wakasema ni cha vibwengo wa hadithi. Mimi sikutaka vibwengo. Nilitaka mlango wa Lamu, manake babu yangu alikuwa seremala Mombasa, Mji wa Kale, kabla presha ya macho haijamfunga macho yote mawili. Siku hizi yuko nasi hapa Voi. Mlango wangu asingeuona, angeupapasa tu. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Kosa la kwanza lilikuwa kipimo. Nilichonga mlango wa sentimita 30, nikausimamisha kando ya viti vya sentimita 2. Lo! Darasa zima lilicheka. Mlango ule ulikuwa wa ndovu wa Tsavo, tena na udongo wetu mwekundu pale chini, ndiyo kabisa! Basi nikakaa na rula. Ukigawanya kila kitu kwa 20, mtu wa mita 1.7 anakuwa sentimita 8.5, na mlango wa mita 2.1 unakuwa sentimita 10.5. Baraza ya kukalia haizidi sana sentimita 2. Chagua kipimo kimoja, usikiache mpaka mwisho.

Mbao halisi za milango ya pwani ni ngumu, kama vile msaji na mfenesi. Kwa wembe wa mwanafunzi hazichongeki. Mimi nilitumia ule mlingoti unaochipuka katikati ya mkonge mara moja tu kabla haujafa. Ukienda upande wa Mwatate utaona mashamba yake barabarani. Mlingoti ukikauka huwa mwepesi na laini ndani. Nilipaka rangi ya viatu ya kahawia, ukafanana na mti wa miaka mingi.

Sasa sikiliza jinsi mlango wenyewe ulivyo. Chini kuna kizingiti, pembeni miimo miwili, na juu boriti iliyochongwa kuliko sehemu zote. Katikati kuna mbao mbili zinazofunguka, mlango dume na mlango jike, na mti uliosimama baina yao unaitwa mfaa. Hakuna bawaba. Kila ubao una vijiti viwili, juu na chini, vinavyozunguka ndani ya matundu. Vijiti vyangu vilikuwa miiba ya mgunga, na hapo nilijipongeza sana. Acha nafasi ya unene wa kadi baina ya ubao na mwimo, kwa sababu ukimwagilia bustani mti utavimba na mlango utakwama.

Mapambo yasiwe mengi. Milango ya Lamu na Zanzibar huchongwa maua, minyororo, samaki na majani ya mtende, lakini kwenye sentimita 10 ukiyaweka yote unapata mikwaruzo tu. Mimi nilichagua mnyororo pekee, kuzunguka miimo. Rafiki yangu alibandika vichwa vya pini kama vile vifundo vya shaba vya Zanzibar. Desturi hiyo ilitoka Bara Hindi, na husimuliwa kwamba huko vilizuia ndovu wa vita wasisukume malango. (Pengine mlango wangu wa kwanza ungevihitaji.) Nyuma ya mlango panda mmea mdogo au weka jiwe. Nyumba za kale za Lamu, mji ulioingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, zina njia ya kuingilia inayopinda ili mpita njia asione ndani. Kwenye karai, kupinda huko huficha ukingo wa bati.

Jioni ya kuamkia maonyesho nilimpelekea babu. Alianzia kizingitini, akapanda miimo polepole kwa kidole gumba, akahesabu pete za mnyororo. Akafika katikati, akanyamaza.

"Mjukuu wangu, mfaa umeugundisha wapi?"

"Katikati, babu. Kwenye mbao zote mbili."

"Basi huu ni ukuta."

Kumbe mfaa hushikamana na ubao mmoja tu! Huo hufungwa kwanza, kisha wa pili ukaja kuegemea nyuma ya mfaa kwa ndani. Nilibandua gundi kwa wembe mpaka saa tano usiku, na pete mbili za mnyororo zikavunjika. Asubuhi babu alisukuma ubao wa kwanza kwa kidole cha mwisho, halafu wa pili. Akavifunga. Akafungua tena.

Karai liko chini ya mwarobaini karibu na maktaba. Wewe utakayelimwagilia, tafadhali mimina maji upande wa nyuma, kizingiti bado hakijapakwa mafuta.